Mstari wa Kitani

Njia ya kwenda Chimbuko haina cha kusimulia. Waliowahi kufika wanasema unatembea, unatembea, kisha unagundua kwamba watu unaopishana nao wanakutazama mdomoni badala ya machoni, nawe unajua umeshaingia. Hivyo ndivyo alivyoingia Mashavu binti Nassibu, fundi wa nguo, mwanamke wa makamo mwenye mwili wake na maneno yake, asiyependa kuharakishwa na mtu. Alikuwa na kikapu begani, na chini kabisa ya kikapu alikuwa na kipande cha kitani alichoachiwa na mama yake.

Kipande hicho ndicho kilichomtoa kwao. Kwao kuna katani, ile ya mkonge, yenye miiba, inayopandwa kwa mistari hadi macho yachoke. Hiyo inatoa kamba, magunia na mikono yenye vidonda. Kitani ni kitu kingine. Watu wa kwao wana neno hilo na hulitaja kwa heshima wanapoisifia nguo nzuri ya zamani, lakini ukiwauliza mmea wake ukoje, mmoja atakuonyesha pamba, mwingine atakuonyesha mkonge, na wa tatu atakuuliza kwa nini unapenda maswali. Mama yake Mashavu alikuwa na kipande hicho kimoja tu, cheupe kilichokaa miaka mingi hadi kikawa na rangi ya maziwa yaliyochemshwa, laini, na baridi hata jua lilipokuwa kali. Siku za ugonjwa wake alipenda kukilaza shavuni. "Sijui kilitoka wapi," alikuwa akisema, "lakini huko kilikotoka pana watu wanaojua kupenda." Alipofariki alizikwa kwa bafta la dukani kama watu wote, na kipande kikabaki. Mashavu akajaribu kukaa nacho, akashindwa, akaondoka.

Alichokiona kwanza huko Chimbuko kilimfanya atue kikapu. Ilikuwa asubuhi, na bonde zima lililotanda mbele ya lango lilikuwa la buluu. Alidhani ni maji. Alikwisha kuanza kutafuta mahali pa kuvukia, upepo ukapita, na yale maji yote yakainama pamoja, yakainuka pamoja. Kumbe ni maua! Yalikuwa maua yasiyohesabika, kila moja dogo kama kifungo cha shati, juu ya mashina membamba ambayo huwezi kuamini yanabeba kitu. Mashavu alisimama pale mdomo wazi, mtu mzima na akili zake, akasahau kiu na miguu yake. Alikuja kutafuta mmea uliozaa kipande kimoja, na bila kujua akaukuta umejaa bonde zima.

Langoni palikuwa na mlinzi aitwaye Shomari, kijana mtaratibu aliyejifunga mshipi mweupe kiunoni. Mashavu akautazama ule mshipi, akaushika bila kuomba ruhusa, akausugua kwa kidole gumba kama wafanyavyo mafundi, na furaha ikampanda.

"Kitani!" akasema. "Jamani, kumbe ndicho hiki! Hiki ni kitani!"

Shomari akabadilika rangi.

"Nani amekwambia, mama?"

"Ameniambia nini, mwanangu?"

"Hilo neno. Hujapita lango bado. Hakuna mtu wa huku aliyezungumza nawe." Akauchomoa mshipi mkononi mwa Mashavu. "Mama, ungekaa kimya! Ungesema tu mshipi mzuri, ukapita zako!"

Lakini neno lilikwisha kutoka. Shomari, aliyekuwa mtu wa kufuata kazi yake hata inapomuumiza, akapiga pembe iliyotundikwa langoni.

Hapa lazima nieleze sheria ya watu hawa, maana bila hiyo mtadhani ni wendawazimu, nao si wendawazimu hata kidogo, ni watu waangalifu. Wachimbuko wanaamini kwamba neno lina kwao kama mtu alivyo na kwao, na kwamba neno moja haliwezi kuwa halali katika vinywa vya nchi mbili. Likikutwa katika vinywa viwili, basi kimoja kimeliokota kwa mwenzake. Kwa hiyo mgeni akilitaja neno lao kabla hajaambiwa, neno hilo hukamatwa na kufunguliwa kesi. Likionekana limezaliwa nje, linatolewa nje ya mpaka, na linatoka pamoja na kitu chake chote.

Wamekwisha kufanya hivyo, tena kwa bidii. Mashavu alipokuwa akipelekwa mjini aliona nyumba nzuri za mawe zilizokuwa na mapengo yaliyozibwa kwa tope katika kila ukuta. Akauliza. Shomari akamweleza kwa sauti ya chini kwamba hapo zamani palikuwa na madirisha, lakini fundi aliyeyaleta alikiri kuwa jina alilipata kwa mgeni, basi yakang'olewa yote kwa siku moja, pamoja na mwanga wake. Meza nazo zilitolewa hivyohivyo. Watu sasa wanakula sakafuni, na makarani wao wana migongo iliyopinda.

"Sasa mnapata hewa vipi humo ndani?" akauliza Mashavu.

"Hewa nayo ilishtakiwa," akasema Shomari. "Lakini shahidi hakupatikana."

Mashavu akataka kuuliza kama neno sheria lenyewe limewahi kushtakiwa. Akamtazama kijana usoni, akaona hapo si mahali pa mchezo, akaliacha.

Mbiu ilikuwa imewatangulia. Walipofika mjini, kitani kilikuwa kimekwisha kukamatwa, na katika nchi ile maana yake ni kwamba hakuna anayeruhusiwa kukigusa mpaka kesi iishe. Watu walikuwa wakivua nguo milangoni mwao bila kelele na kuzilaza juu ya mikeka, wakijifunga majani ya mgomba, ngozi za mbuzi, chochote. Vitanda vya kufumia vilifungwa kamba vikiwa na nguo nusu. Hakuna aliyemtukana Mashavu. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Walimpisha njia kwa adabu, wanawake kwa wanaume, wakiwa wamevaa majani, na kila mmoja alimtazama mdomoni.

Shahidi wa kesi ya neno, kwa mila yao, halazwi katika nyumba ya wageni. Hupelekwa katika nyumba ambayo kesi hiyo imeidhuru kuliko zote, akae humo, ale humo, ili ajue anachokisemea. Mila nzuri, nisiwanyime haki yao. Mashavu akapelekwa kwa mfumaji mmoja jina lake Mwatima, aliyefiwa na mama yake asubuhi ileile.

Mwatima alikuwa amekaa kizingitini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, vidole virefu, macho makavu.

"Karibu," akasema. "Wewe ndiye uliyelitaja?"

"Ndiye mimi. Pole sana, mwanangu. Nimeambiwa una msiba."

"Msiba ningekuwa nao kama ningeweza kuzika," akajibu Mwatima. "Sasa nina maiti tu."

Akampeleka nyuma ya nyumba, penye bwawa la kulowekea. Hapo Mashavu akajua kitani kinavyopatikana, na ndipo alipozidi kustaajabu. Mmea haukatwi, hung'olewa na mizizi yake ili uzi usipungue hata kidogo. Mashina hulowekwa majini mpaka yaoze, na harufu yake ni ya kukimbiza mbwa. Kisha huanikwa, hupondwa, huchanwa kwa kitana cha miiba mpaka kila kilicho kigumu kianguke, na mwisho kabisa, ndani ya ule uozo, hutoka nyuzi ndefu zenye kung'aa kama nywele za mtoto. Kando ya bwawa palikuwa na chumba cha mawe chenye baridi. Humo ndimo alimokuwa Bi Tunu, mama yake Mwatima, amefunikwa kwa majani ya mgomba.

Pembeni yake, juu ya mkeka, palikuwa na sanda yake imekunjwa. Mwatima hakuigusa. Alichuchumaa mbele yake na kuonyesha kwa kidevu.

"Hii ameifuma mwenyewe," akasema. "Huku kwetu mwanamke huanza sanda yake siku anapoolewa. Akijifungua, anakata utepe kwenye sanda hiyohiyo, anamviringishia mtoto. Anamwambia, hiki ni kitani, kitakushika. Hilo ndilo neno la kwanza tunaloambiwa duniani, sote. Mtoto akianza kutembea, utepe unafuliwa, unashonwa tena mahali pake. Mtu anazikwa na tepe za watoto wake wote. Ule pale ni wangu, wenye doa. Ule wa kaka yangu aliye mashambani. Pale penye pengo, hapo kifuani, ni pa mdogo wetu. Alikufa akiwa bado hajatembea, akazikwa na utepe wake."

"Pengo halishonwi?"

"Nani atashona? Kila utepe una mwenyewe. Akina mama wengi huku wanazikwa na pengo."

Mashavu alitazama ile nguo. Aliwaza bafta la dukani alilomzikia mama yake, lililonunuliwa kwa haraka na kukatwa kwa mkasi wa kuazima, akaona aibu ambayo hakuwa amewahi kuiona.

Jioni hiyo, wakila viazi sakafuni, Mwatima alimshika mkono.

"Mama mgeni, nikuombe. Kesho watakuuliza neno ulipewa na nani. Sema ulilisikia hapa. Sema Shomari alilitaja wewe ukamfuatia. Yeye hatabisha, nimekwisha kuzungumza naye. Kesi itakufa palepale, nami nitamzika mama yangu."

"Na nikisema kweli?"

"Ukisema kweli kitani kitatolewa. Nyuzi zote, mbegu zote, na hii sanda. Mama yangu atazikwa kwa majani, kama samaki wa sokoni." Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Amefuma miaka arobaini."

"Nitasema nililisikia hapa," akajibu Mashavu bila kufikiri mara mbili, na alikuwa na nia hiyo kweli. Uongo wa kumsaidia mtu haukuwa umewahi kumnyima usingizi.

Baraza lilikaa asubuhi uwanjani. Mwamuzi Mkuu wa Maneno alikuwa mzee mmoja aitwaye Badi, aliyeng'oa madirisha, mrefu, msafi, mwenye sauti ya mtu asiyewahi kukatizwa. Joho lake la hukumu lilikuwa la kitani, kwa hiyo alikuja amejifunga majani ya mgomba kuanzia kifuani hadi miguuni, na alitembea ndani ya majani yale kwa heshima ileile. Yalikuwa yakichakarika kila akigeuka. Hakuna aliyecheka, na Mashavu, ambaye kwao angecheka mpaka akae chini, aliona hata yeye hana kicheko.

Wakaanza wanazuoni. Wa upande mmoja alisema neno ni la Chimbuko kwa sababu mmea ni wa Chimbuko, na anayelima ndiye anayeita. Wa upande wa pili akasema mmea wenyewe uliletwa na ndege, na ndege hawakuulizwa. Wa kwanza akauliza kitani ni kipi hasa, mmea, uzi au nguo, maana huwezi kukitafutia kwao kitu usichokijua. Wakabishana hapo hadi jua likapanda. Mmoja alisema ni uzi, kwani mmea ni uzi ambao haujatoka na nguo ni uzi uliokwisha kukaa. Mwenzake akasema kwa hesabu hiyo basi hata mfumaji ni uzi. Mwatima, aliyekuwa mbele kabisa, akasema kwa sauti, "Mnaendelea tu, na mama yangu ananisubiri," na wote wawili wakainamisha vichwa, kwa kuwa hawakuwa watu wabaya.

Mashavu akaitwa. Mila yao ni kwamba shahidi hushika kitu chenyewe anaposema, naye peke yake ndiye aliyeruhusiwa. Wakamwambia atoe chake. Akatia mkono kikapuni, akatoa kipande cha mama yake, akakikunjua kiganjani. Kilikuwa baridi.

Mwamuzi Badi akauliza swali lao, ambalo ni moja tu tangu nchi ianze. "Nani alikupa?"

Mashavu akafungua mdomo aseme ni Shomari. Aliliweka jina hilo ulimini kabisa. Akaona ataikana nguo ile aliyoishika mkononi, na mwenye nguo, mbele ya umati, tena mbele ya mtu ambaye mama yake alikuwa hajazikwa. Uongo wote aliowahi kusema maishani ulikuwa mwepesi. Huu haukuinuka.

"Mama yangu," akasema.

Uwanja wote ukaguna. Mwatima akageuza uso.

"Na yeye nani alimpa?"

"Mama yake. Na huyo neno alilipata kwa wauza nguo wa pwani." Basi, kwa kuwa alikwisha kuharibu, akaona aseme yote. "Watu wa ng'ambo ya bahari wana neno hilohilo, wanasema kattani. Nao hawakulianza. Nimesikia kwamba zamani sana, kabla yao, kulikuwa na watu kati ya mito miwili, walioandika kwa kukandamiza udongo mbichi, nao waliiita nguo hii kwa jina linalokaribiana na hili letu. Kabla ya hapo sijui, wala sijamwona anayejua. Nadhani hata hao waliambiwa na mtu, walipokuwa wakivishwa."

Watu hawakuwa wamewahi kusikia neno lililotoka mbali hivyo. Mashavu aliwaona wakitazamana, kisha wakitazama kile kipande kidogo kiganjani mwake, na midomo yao ikisogea bila sauti, wakilionja upya. Mlinzi Shomari alikuwa analia waziwazi. Hata Mwamuzi Badi aliinama akakitazama. Kisha akatoa hukumu.

"Neno limetoka nje. Lirudishwe. Mstari upangwe."

Mstari ndiyo njia yao ya kulitoa neno, na inabidi niieleze. Neno haliwezi kutupwa hivihivi. Kila aliyelipokea hulirudisha kwa aliyempa. Anakwenda kusimama mbele yake, analitaja kwa mara ya mwisho, na yule aliyempa anajibu, "Nimepokea." Kisha huyo naye anamwendea aliyempa yeye, hivyohivyo, mpaka neno linafika langoni katika kinywa cha mtu mmoja, naye analitoa nje pamoja na kitu chake. Meza ilichukua alasiri moja tu. Kila mtu alikuwa ameambiwa na seremala, na seremala alikuwa hai na mwenye afya. Dirisha nalo hivyohivyo. Mwamuzi Badi alikuwa amezoea kusimama langoni akingoja.

Safari hii alikwenda langoni, akasimama. Hakuna aliyekuja. Mashavu, aliyekuwa pamoja naye kama shahidi, aliona umati ukitoka uwanjani na kugeukia upande mwingine, wote, taratibu, kama watu wanaotoka kusali. Waliokuwa na mama zao hai walisimama mbele yao milangoni. Lakini mama hao, wakishapokea, ilibidi nao wawaendee waliowapa, na nyanya hao vilevile. Wote walipanda kilima cha mashariki. Wote walielekea makaburini.

"Wanakwenda wapi?" akauliza Mwamuzi.

"Kwa waliowapa, mheshimiwa," akasema mpiga mbiu wa baraza, aliyesimama karibu nao. Kisha, kwa kuwa kazi yake ilimlazimu, akaongeza, "Nawe umepewa na nani?"

Mwamuzi Badi akamtazama kama ambaye hajamwelewa. Akaanza kutembea, majani yakichakarika, na Mashavu akamfuata.

Aliyoyakuta kilimani Mashavu aliyakumbuka maisha yake yote. Watu wa nchi nzima walikuwa wamesimama kati ya makaburi, kila mmoja mbele ya tuta lake, wazee kwa vijana, wamevaa majani, na chini yao bonde lote la buluu. Walikuwa wakilitaja neno. Hawakupaza sauti. Kila mmoja alilisema chinichini kwa mtu wake, kitani, kitani, na kilima kizima kilikuwa kikivuma. Mashavu alisisimka mwili mzima. Alijiona mdogo, akafurahi kuwa mdogo.

Mwamuzi Badi alikwenda hadi kwenye tuta moja la zamani lililoota nyasi. Akanyoosha majani yake kifuani kwa mikono miwili, kama anayetaka kukutana na mtu mkubwa.

"Kitani," akasema.

Akasubiri jibu.

Wote walikuwa wamekwisha kusema, na sasa wote walikuwa wakisubiri, kwa sababu mila ni mila na neno halijarudi mpaka lipokewe. Jua lilifika utosini. Huko bondeni maua ya kitani, ambayo hayakai zaidi ya asubuhi moja, yakaanza kudondoka, na buluu yote ikazama polepole hadi bonde likawa kijani. Hakuna aliyeondoka.

"Mheshimiwa," mpiga mbiu akanong'ona hatimaye. "Amepokea?"

Mzee aliinamisha kichwa, akitega sikio.

"Mheshimiwa?"

"Nyamaza," akasema Mwamuzi Badi. "Huenda akajibu."

Akapiga magoti, majani yakapasuka, akaweka kiganja juu ya nyasi. Chini ya kiganja hicho, katika sanda, palikuwa na utepe aliowahi kuviringishwa yeye, na kila mtu kilimani alilijua hilo, na kila mtu alijua kwamba kukitoa kitani chote nje ya mpaka ni kuanza kwa kufukua hicho. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinua uso, ulikuwa uso wa mtoto aliyedhani ameachwa sokoni kisha akaona nguo ya mama yake.

"Hajapokea," akasema.

"Hajapokea," akasema mwanamke wa tuta la pili. "Wangu pia hajapokea," akasema mzee mmoja. Neno hilo likaenea kilimani kaburi kwa kaburi, wengine wakilisema kwa kilio na wengine kwa kicheko. Wanazuoni wawili wakashauriana palepale walipokuwa wamesimama, kila mmoja kwa mama yake, na kwa mara ya kwanza wakakubaliana. Neno ambalo halijapokelewa bado liko mikononi mwa aliye nalo, na analitumia kama kawaida mpaka lipokelewe.

"Mpaka lini?" mpiga mbiu akauliza, apate kutangaza.

"Mpaka watakapojibu," akasema Mwamuzi.

Mwamuzi na Mashavu walishuka wawili hadi kwa Mwatima. Katika chumba cha mawe walimkuta Mwatima amesimama mbele ya mama yake. Yeye peke yake hakupanda kilimani, kwani aliyempa alikuwa hapo bado. Alikuwa amekwisha kulitaja, na tangu hapo alikuwa amelaza sikio kwenye midomo ya Bi Tunu. Aliposikia nyayo hakugeuka.

"Amepokea?" akauliza Mwamuzi Badi, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Hajapokea," akasema Mwatima.

"Basi mvishe, binti yangu."

Wakaondoa majani. Mashavu na Mwatima wakaikunjua sanda, na mzee akashika ncha ya miguuni kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Ilikuwa nguo ya ajabu, pana, baridi, yenye tepe zake zilizoshonwa. Walipoileta kifuani, lile pengo likaonekana, upana wa kiganja, na ngozi ya Bi Tunu ikaonekana ndani yake.

Mashavu akasimama. Akaenda kwenye kikapu chake, akarudi na kile kipande. Hakuwa amepanga. Alikilaza juu ya pengo na kikakaa, kikapita kidogo pembeni, si neno. Hapo akamkumbuka mama yake na shavu lake, na alichokuwa akisema kuhusu watu wa huko, akalia kama ambavyo hakuwa amelia tangu mazishi.

Mwatima alimtazama. Kisha akauliza lile swali lao moja.

"Nani alikupa?"

"Mama yangu."

"Basi litaje."

"Kitani," akasema Mashavu.

"Nimepokea," akasema Mwatima, akachukua sindano.